Kerneli Mpya na Gauni la Pendo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa mlangoni kwa ajili ya viatu. Vilikuwa vipya, vyeusi, nimevisugua mpaka vinang'aa, maana mama alisema mtu anayekwenda kufanya kazi na kompyuta hawezi kuvaa kama anayekwenda kupalilia mihogo. Nikafika Changamwe, kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, nikaelekezwa chumba cha mashine, nikasukuma mlango. Kabla sijaweka mguu wa pili ndani, nikasikia: "Wee! Nje! Nje na vumbi lako!"

Huyo alikuwa Mkuu wa Chumba cha Mashine, mzee wa Jomvu Kuu, mwembamba, kofia kichwani na ndara za mpira miguuni. Chumbani mle hamkuingiwa na viatu. Mashine zenyewe zilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, na maadui zao walikuwa vumbi na joto, na Changamwe vyote viwili tunavyo vya kugawia watu. Nikavua viatu, nikaingia na soksi iliyotoboka kidoleni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitazama soksi, akanitazama mimi, akasema, "Marahaba. Kesho njoo na ndara. Na hiyo soksi iache kwenu."

Nayasimulia haya kwa sababu nimechoka. Nimechoka kusikia vijana wakiniambia, "Mzee, siku hizi kompyuta inajifanyia yenyewe, unabonyeza tu." Unabonyeza tu! Na ikikataa? Hapo ndipo mnapokuja kubisha mlangoni kwangu Utange, mashine imefungwa kwenye shuka kama mgonjwa, na nikiuliza mmefanya nini, jibu ni moja: "Hatukufanya kitu, imejizima tu." Basi kaeni nikuelezeni kazi hii ilivyokuwa, na jinsi ilivyonifuata mpaka sebuleni nikiwa nimeshastaafu.

Kazi yangu miaka yote ilikuwa kuzitunza kompyuta ziendelee kufanya kazi, na sehemu kubwa yake ilikuwa kubadilisha kerneli. Kerneli ni programu ya ndani kabisa, ile inayokaa kati ya vyuma na programu nyingine zote. Ukigusa kibodi, hiyo ndiyo inayopokea. Ukitaka kuchapisha, hiyo ndiyo inayoiamrisha printa. Kifaa isichokijua kerneli, kompyuta nzima haikijui, hata ukichomeke mara ngapi. Ndiyo maana kila baada ya muda hutoka kerneli mpya inayovijua vifaa vipya, na fundi ana kazi ya kuiweka na kuiwasha. Kuiweka si kitu. Kuiwasha ndiko kunakomtoa mtu jasho.

Wakati wetu tuliipika wenyewe. Ndivyo tulivyosema chumbani mle. Unapata maandishi yake, unaiamuru mashine iyageuze yawe programu, halafu unakaa kitako. Unaanza asubuhi, unakula chakula cha mchana, wa kusali wanakwenda kusali na kurudi, mashine bado inanguruma. Jioni inakuambia kuna kosa. Kosa gani? Haisemi vizuri. Unarekebisha unachodhani ndicho, na kesho yake unaanza upya. Wallahi, kama angesema Mkuu wangu, kazi ile ilitaka moyo wa mama wa mapacha.

Siku niliyoruhusiwa kuweka kerneli mpya kwa mkono wangu, nikaona vyema niifute ile ya zamani kabisa, pawe safi. Mkuu akanishika kifundo cha mkono.

"Wafanya nini?"

"Naiondoa ya zamani, Mkuu. Mpya si hii hapa?"

"Umeijua wapi?"

"Nimeipika jana."

"Ewe! Umeipika jana, leo waikabidhi nyumba? Mgeni haingii mwenyeji akatoka. Iwake, ilale, iamke, ndipo tuzungumze. Na hata hapo, moja ya zamani itabaki. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Methali hiyo ya mbacha na msala niliisikia kila wiki, mpaka nikaichukia kama dawa ya minyoo. Lakini sikilizeni maana yake katika kazi. Ukiwasha kompyuta, kwanza huamka programu ndogo tunayoiita kipakiaji. Kazi yake ni kuuliza: niamshe kerneli gani? Zikiwa mbili, unachagua. Ile mpya ikianguka, unazima, unarudi, unachagua ya zamani, na kazi inaendelea. Kama ulishaifuta ya zamani, huna wa kumwamsha.

Kutoka hapo nilihamia kiwanda cha unga, Changamwe hiyo hiyo, chini ya Meneja wa Mitambo. Huyu alikuwa mtu wa bara, na haraka yake ilikuwa ya mtu aliyeacha maziwa motoni. Kila kitu "sasa hivi". Jumapili moja kiwanda kimefungwa nikaweka kerneli mpya kwenye kompyuta ya mizani, ile iliyosoma uzito wa magunia. Ikawaka vizuri. Meneja akaja kuchungulia begani kwangu.

"Kwa nini hii ina kerneli mbili?"

"Moja ni ya akiba, bwana."

"Akiba ya nini? Umesema mpya inafanya kazi."

"Imewaka, bwana. Na mizani hatujaijaribu."

"Futa hiyo ya zamani. Hapa ni kiwanda, si makumbusho."

Nikamwambia sifuti. Akaniambia nipishe, akakaa kwenye kiti changu, akafuta mwenyewe, tena kwa vidole viwili. Jumatatu kiwanda kinafunguliwa, kerneli mpya haiioni mizani. Haiioni kabisa! Nikatafuta pa kurudi, hapapo. Watu wakapima magunia kwa mizani ya kuning'iniza, unga umewaingia mpaka kwenye kope, na mimi niko chini ya meza natafuta nakala kwenye kanda za zamani. Na meneja? Alipandishwa cheo akapelekwa Nairobi. Tukaambiwa tuchange zawadi ya kumuaga, nami nikachanga.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa chuo cha ualimu upande wa Timbwani, Likoni. Mimi naishi Utange, upande wa Kisauni. Mnaojua Mombasa mmeshanicheka: kutoka Kisauni uvuke daraja uingie kisiwani, ukipite kisiwa chote, usimame kivukoni na umati wa watu, uvuke tena, ndipo uanze kazi. Nikifika nilikuwa nimeshafanya kazi ya siku nzima. Nikifika, nakuta kompyuta zote zimezimwa ukutani.

Hiyo ilikuwa amri ya Mkuu wa Chuo, mama mtulivu wa sauti ya chini, ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Kwetu pwani mvua ikija na ngurumo, watu huzima kila kitu na kufunika vioo, kwa kuwa kioo huita radi. Ndivyo tulivyolelewa, Waislamu kwa Wakristo, na bibi yangu Mgiriama alifunika hata sufuria iliyong'arishwa. Mama yule aliichukua desturi hiyo akaipeleka kwenye chumba cha kompyuta. Wingu likitanda tu, anatuma mtu azime swichi kubwa, na kila skrini ifunikwe kwa leso ya kujitanda.

"Mama," nikamwambia, "hizi si vioo vya kujitazamia. Na kompyuta haizimwi kama taa. Kuna faili zinaandikwa ndani, ukikata stima zinabaki nusu."

"Fundi, radi itasubiri umalize kuandika?"

"Haitasubiri, lakini..."

"Basi zima."

Nilibishana naye miaka yote niliyokaa pale. Nilimchorea michoro. Nilimletea betri ya akiba, ile inayoishikilia kompyuta stima ikikatika, akaamuru nayo izimwe. Idadi ya kerneli nilizoziweka nikizimiwa katikati, Mungu anajua, na kila mara ni ile ya zamani iliyobaki ndiyo iliyoniokoa. Siku ya kuniaga alinipa saa ya ukutani na leso mpya. "Hii ya kufunikia kompyuta yako ya nyumbani, fundi," akasema mbele ya watu wote. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Nikarudi Utange nikidhani nimepumzika. Mke wangu, Mama Karisa, ni fundi wa nguo, tena si wa kubahatisha. Mabibi harusi wengi wa huku kwetu wametoka na magauni ya mkono wake: wadogo zake, watoto wa kaka zangu, mabinti wa kanisani. Zile shanga ndogo za pindoni alizishona kwa mkono moja moja, anasikiliza redio, hata hatazami sana. Sisi tuna wana wa kiume na binti mmoja, Pendo, kitinda mimba. Toka Pendo yuko shule ya msingi mamake alimwahidi: "Lako nitalishona mimi, na shanga zake hazitaguswa na mkono wa mtu mwingine."

Kisha macho yakaanza kumwacha. Daktari alisema ni ugonjwa wa nyuma ya jicho, miwani haiusaidii. Anachohitaji ni kitu cha kukuza. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiamka asubuhi namtungia uzi kwenye sindano, nazipanga kwenye sponji, ili ashone kwa cherehani na kumalizia kwa kupapasa. Cherehani aliiweza kwa mazoea. Shanga hakuziweza. Na Pendo naye akachumbiwa, mahari ikaenda, siku ikapangwa, gauni likashonwa likabaki pindo.

Nikasema mimi nitazishona. Msinicheke. Nilikaa na gauni mapajani, Mama Karisa ananielekeza: chomeka hapa, rudisha, kaza, usikaze sana. Nikishamaliza shanga kadhaa anapitisha kidole juu yake, anakirudisha tena, anasema, "Haya, si haba." Mimi naijua ile si haba yake. Lakini pindo la gauni lile ni refu, na mimi nilikuwa nimefika robo mgongo ukanikatika.

Ndipo Pendo, anayefanya kazi ofisi moja ya usafirishaji, akaleta kamera. Ni kamera ya kusimama mezani, inatazama chini kama taa ya kusomea. Unaweka kitu chini yake, kinaonekana kwenye skrini kikubwa unavyotaka, na mikono yako yote miwili iko huru. Tulishajaribu simu, lakini simu ukiishika kwa mkono mmoja, sindano utaishikaje? Mama Karisa aliigusa ile kamera kila mahali. Akamwambia Pendo, "Ikifanya kazi, gauni nalimaliza. Isipofanya kazi, kufikia mwisho wa wiki lichukue ulipeleke kwa fundi wa mjini. Sitaki uolewe na pindo bovu." Pendo akageuza uso. Mimi nikasema kwa kujiamini, "Itafanya kazi. Kwani hapa hakuna fundi?"

Nikaichomeka. Kimya. Nikaichomeka pengine. Kimya. Kompyuta yangu ni kuukuu, inatumia Linux, mfumo unaomwachia mwenye mashine achague kerneli mwenyewe. Nikaiuliza ina nini kwenye tundu lile. Ikajibu kuna kitu, lakini haikijui. Lo! Kamera ilikuwa mpya kuliko kerneli. Nilikuwa nimestaafu kerneli, nazo hazikuwa zimenistaafu mimi.

Haya. Nikaagiza kerneli mpya kupitia intaneti ya simu. Siku hizi hupiki, unaletewa imeshaiva, na hilo nakubali ni neema. Ikashuka polepole, kama maji ya bomba la Utange. Ilipomaliza, kompyuta ikasema haina pa kuiweka. Sehemu ya diski inapokaa kerneli imejaa! Na nani aliyeitenga ndogo namna ile? Mimi mwenyewe, nilipoinunua mashine, nikijifanya najua kubana matumizi. Kulikuwa na kerneli tatu kuukuu. Mbili nikazifuta nikiguna. Nafasi bado inabana. Mkono ukaenda kwenye ile ya tatu, iliyokuwa ikiendesha kompyuta wakati ule ule, nikasikia sauti ya Jomvu Kuu masikioni: wafanya nini? Nikaiacha. Nikafuta takataka nyingine ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, mpaka mpya ikaenea.

Mama Karisa alikuwa amekaa nyuma yangu, gauni limefungwa kwenye shuka jeupe mapajani. "Imekubali?" anauliza. "Bado." "Imekubali?" "Mama Karisa, mimi si mganga, ngoja!" Nje kumeingia giza la mvua. Kompyuta ikafika hatua ya mwisho, ile ya kuandika furushi dogo la faili linaloisaidia kerneli kuitafuta diski yake wakati wa kuamka. Hapo ndipo ikanguruma mbinguni.

"Baba Karisa, ngurumo hiyo."

"Naisikia. Usiguse kitu."

"Nazima."

"Usizime! Inaandika! Ngoja kidogo tu, itakuwa im..."

Tap. Mwanamke huyu asiyeona tundu la sindano alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye soketi ya ukutani, akazima, akachomoa na waya. Betri ya akiba ilikwisha kufa zamani, na kununua nyingine nilikuwa nikisema kesho. Skrini ikawa nyeusi. Kisha akapitia na swichi za taa, akatoa leso kabatini, ile ile ya chuo, akaifunika skrini vizuri, na pembe akazinyoosha.

Jamani, niliwaka. "Maisha yangu yote! Kazini wananizimia, nyumbani unanizimia! Nimekwambia inaandika! Sasa imekufa, umesikia? Umeiua! Wewe na yule mkuu wa chuo mmezaliwa tumbo moja!"

Akasimama pale pale, mkono kwenye leso. "Nimeiua," akasema.

"Umeiua!"

"Na gauni ni la nani, Baba Karisa? La kwako?"

Mwanga ukaingia ndani mweupe, na mlio ukaja pamoja nao, mlio wa kupasua mbao. Radi ilikuwa imepiga nguzo ya stima pale kwenye kona. Soketi ya jikoni ikatoa cheche. Jirani akapiga mayowe, televisheni yake inafuka moshi. Nyumba ya tatu friji iliungua, na fundi wa simu wa barabarani alipoteza kila kitu alichokuwa amechomeka. Sisi hatukuunguza hata balbu, maana Mama Karisa alishazizima zote. Nilibaki nimeushika ule waya aliouchomoa, sijui niuweke wapi.

Yeye alikuwa tayari amekaa chini, analikunja gauni upya ndani ya shuka, taratibu, mkunjo juu ya mkunjo. "Mwambie Pendo alichukue kesho jioni," akasema. "Muda hautoshi tena." Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana. Tangu tuoane sijapata kuona mikono yake ikiacha kazi nusu, na nilimwona akilifunga furushi lile kwa mafundo mawili.

Stima hazikurudi mpaka kesho yake mchana. Nilizunguka nyumba kama kuku aliyepoteza kiota. Ziliporudi, nikachomeka, nikawasha, nikachagua kerneli mpya. Ikaandika mistari mirefu, ikasimama, ikagoma. Wenyewe huita taharuki: kerneli imeamka, imetafuta diski yake, haikuiona, basi inakaa pale pale haisemi na mtu. Nilijua ni lile furushi lililoandikwa nusu. Nikazima. Nikawasha tena, kipakiaji kikauliza, nikachagua ile ya zamani, ya mwisho, ile niliyotaka kuifuta. Ikaamka kana kwamba hapakuwa na lolote. Nilisema kwa sauti, "Mkuu, Mungu akurehemu popote ulipo," na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuipenda ile methali ya mbacha.

Nikiwa kwenye ya zamani, nikaiamuru imalize kazi ya jana. Nikatazama juu: hakuna wingu. Ikaandika furushi lote. Nikawasha upya, nikasimama, maana kukaa sikuweza. Ikaita diski, ikaita sauti, ikaita kipanya. Halafu ile taa ndogo ya kamera ikawaka kijani, na kwenye skrini ikatokea meza yangu, na juu yake kipande cha uzi, kinene kama kamba ya mbuzi.

"Mama Karisa! Njoo!"

"Nakuna nazi."

"Njoo na sindano!"

Akaja na machicha ya nazi mikononi, hajui aamini au asiamini. Nikamkalisha. Akanawa, akashika sindano chini ya kamera, na tundu lake likaonekana kwenye skrini, kubwa, unaweza kupitisha kidole. Akaleta uzi. Ukaenda kando. Akaleta tena, ukaenda kando upande wa pili, maana mkono unakwenda kulia na picha inaonyesha kushoto. "Kinadanganya hiki," akasema. Nikaigeuza picha. Akavuta pumzi, akausogeza uzi, ukaingia. Akauvuta polepole mpaka upande wa pili, akaukata kwa meno, akafunga fundo. Miaka miwili. Machozi yakanitoka, nikajifanya natazama nyaya.

"Ondoka hapo, Baba Karisa," akasema. "Unanizibia mwanga."

Nikaondoka. Nikakaa kibarazani kungoja kuitwa, kama tulivyozoea: njoo nitungie, njoo uone kama imenyooka. Sikuitwa. Nitawaambia ukweli, vijana: siku niliyotoka chuoni sikuumia sana, lakini kibarazani pale nilijua kustaafu ni nini. Kazi yako yote ni kuhakikisha kitu kinafanya kazi bila wewe, na kikishafanya kazi bila wewe, unakaa hapo na mikono yako. Nilikasirika, kisha nikajikasirikia kwa kukasirika.

Ndipo nikasikia, "Baba Karisa! Hii ni nini?" Nikakurupuka nikijua mashine imekufa. Haikufa. Alikuwa ameliweka pindo chini ya kamera, upande ule niliouanza mimi, na kwenye skrini shanga zangu zimetokea kila moja kubwa kama yai. Moja imelala, moja imesimama, moja imefungwa kwa fundo la kufungia mbuzi, mbili zimegandamana na pengo linalofuata unapitisha baiskeli. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe ndivyo ulivyokuwa ukinishonea! Nami nasema si haba!" Tangu macho yamsumbue sikuwa nimesikia kicheko kile. Akachukua wembe, akaanza kuzifumua, anacheka, anafuta macho, anafumua.

Alipofika ya mwisho, ile iliyolala upande, wembe ukasimama.

"Hii naiacha," akasema.

"Iondoe, ni mbaya."

"Ni mbaya sana. Lakini si ndivyo mnavyofanya kazini kwenu? Ya zamani moja inabaki."

Gauni lilimalizika siku nyingi kabla ya harusi. Siku hizi ngurumo ikianza huko mbali, mimi ndiye wa kwanza kufika ukutani. Nazima kompyuta kwa utaratibu wake kwanza, kisha soketi, kisha naitandika leso ya Mkuu wa Chuo juu ya skrini na kunyoosha pembe. Betri ya akiba nimenunua. Ile kerneli ya zamani bado ipo, sijaifuta, na sitaifuta hata mkinibembeleza vipi na habari zenu za kubonyeza tu.

Pendo aliingia kanisani ameshikwa mkono na kaka yake mkubwa, maana mimi magoti hayakuniruhusu kutembea ile njia yote. Vigelegele, watu wamesimama, kila mtu anamtazama bibi harusi usoni. Mama Karisa akaniegemea sikioni akauliza, "Inaonekana ile iliyolala?" Nikamwambia haionekani. Lakini mimi, mpaka anafika mbele, macho yangu hayakutoka pindoni.